Je, Picha za Miraba Zina Faida?

Siku ya wazazi iliyopita sisi wanachama wa chama cha sanaa tulitundika picha kumi na mbili katika ukuta wa bwalo. Zote zilichorwa kwa penseli za rangi juu ya karatasi za miraba, na zote zilikuwa za michezo ya kompyuta ya zamani: Mario na kofia yake, Pac-Man wa manjano, majitu ya Space Invaders, na matofali ya Tetris. Mzee mmoja wa heshima alisimama mbele ya picha hizo kwa muda mrefu. Kisha akatuuliza kwa Kiarabu cha Juba, kwa sauti ya upole, "Wanangu, nchi hii haina vitu vyake vya kuchorwa?"

Hatukuwa na jibu. Tulitazama chini kama watu walioshikwa na kosa. Tangu siku ile nimesikia kwamba wako wanaotaka picha za namna hiyo zisitundikwe tena mwaka ujao, na mwenzangu mmoja amenikumbusha methali isemayo, Mwacha mila ni mtumwa. Swali la mzee ni la haki, nami naona yafaa nimjibu kwa adabu katika kurasa hizi. Wasomaji watakuwa waamuzi.

Kwanza nieleze picha hizi ni kitu gani, maana si wote wanaojua. Kioo cha televisheni au cha simu kimegawanyika katika nukta ndogo za mraba, na kila nukta ina rangi yake. Wataalamu huziita pikseli. Katika simu za siku hizi nukta hizo ni nyingi mno hata jicho haliwezi kuzitenga moja moja. Lakini katika zama zilizoanza mwaka 1978, Mjapani Tomohiro Nishikado alipotoa mchezo wa Space Invaders, mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini, mashine za michezo zilikuwa dhaifu na nukta zake zilikuwa chache, kila moja ikionekana wazi kama tofali katika ukuta. Mashine ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 ilionyesha nukta 256 kwa upana na 240 kwa kimo. Ile ndogo ya mkononi, Game Boy ya mwaka 1989, ilikuwa na nukta 160 kwa 144, na rangi zake zilikuwa vivuli vinne tu vya rangi moja ya kijani. Leo watu wengi duniani huzichora upya picha za zama zile kwa mapenzi yao, bila malipo, ili kuwaadhimisha waliozitengeneza. Nasi tulifanya hivyo.

Sasa faida yake ni nini? Mimi nasema faida ya kwanza ni kwamba picha hizi zamfundisha mtu kufanya kazi na kitu kidogo alicho nacho. Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto alitakiwa kumchora mtu wa mchezo wa Donkey Kong katika nafasi ya miraba kumi na kitu kila upande. Nywele hazikuchoreka, akamvika kofia. Mdomo haukuonekana, akamtia masharubu chini ya pua kubwa. Mikono ilipotea mbele ya kifua, akamvika ovaroli ya rangi nyingine ili mikono ionekane ikitembea. Ndivyo alivyozaliwa Mario, na kila kitu watu wanachokipenda katika sura yake kilitokana na upungufu. Alipotoka mwaka 1985 katika Super Mario Bros., nafasi ya kuwekea picha ilikuwa ndogo hata wingu la angani na kichaka cha chini vikafanywa kwa umbo lile lile, tofauti ikiwa rangi tu. Wachezaji walicheza miaka mingi bila kutambua.

Huko Moscow nako, mwaka 1984, Alexey Pajitnov alitunga Tetris katika kompyuta isiyoweza kuonyesha picha hata kidogo. Akayajenga matofali yake kwa alama za mabano. Na Susan Kare, aliyeajiriwa na kampuni ya Apple mwaka 1983 kuchora alama za kompyuta ya Macintosh, alianza kazi kwa daftari la karatasi za miraba, 32 kwa 32, yaani miraba 1,024 kwa kila alama. Hakuwa na kitu ambacho hakipatikani leo katika maduka ya Konyokonyo.

Wenzangu, sisi wa Juba twajua kukosa. Umeme huja na kuondoka, na kompyuta za shule hazitutoshi. Mara nyingi huambiwa, na sisi wenyewe hujiambia, kwamba tungojee mpaka vifaa vije. Picha hizi zatuonyesha watu waliokuwa na vifaa haba na hawakungoja. Nilipojaribu mwenyewe kuichora raksha katika miraba 16 kwa 16, nilitaka kutia kila kitu: taa, pazia, dereva, abiria, na maneno yaliyoandikwa nyuma. Nikapata doa. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Mara ya nne niliacha paa, gurudumu la mbele, na mkono wa dereva, mdogo wangu akapita, akasema, "Raksha!" Siku ile nilijifunza kuchagua, na somo hilo lafaa hata katika insha.

Nakuja sasa kwenye shauri la pili, kwamba vitu hivi ni vya kigeni na kazi yetu ni kunakili tu. Kwa habari ya ugeni sina maneno mengi. Daraja la Uhuru lilifunguliwa hapa Juba mwaka 2022 kwa msaada wa Japani, nchi ile ile ya Mario, wala sijasikia mtu akikataa kulivuka. Lakini kwa habari ya kunakili, nitasimulia jambo la nyumbani kwetu.

Wote tunaijua milaya, shuka linalotariziwa na mama zetu kwa nyuzi za rangi na kutandikwa siku ya wageni au ya arusi. Mama yangu alikuwa na moja yenye ndege wawili. Ndege hao hakuwabuni yeye. Aliwanakili kutoka milaya ya jirani yetu wa Munuki, akamlipa kwa sukari. Ila aliona mkia wa ndege wa jirani ni mfupi, akaurefusha wa kwake na kuutia nyuzi nyekundu. Baada ya miezi michache jirani alitarizi shuka jipya, na tazama, ndege wake walikuwa na mikia mirefu myekundu! Walicheka sana. Hakuna aliyemwita mwenzake mwizi, kwa kuwa kila mgeni aliyeisifu milaya aliambiwa, "Ndege ni wa fulani, mkia ni wangu."

Vita vilipozuka Juba mwezi wa Julai 2016 tulikimbia, na milaya ikabaki. Hatukuiona tena. Tulifika Kakuma, nchini Kenya, nami ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki ninachoandika. Mwaka wa pili mama alipata kitambaa na nyuzi, akaketi, na ndege wakatoka mkononi mwake bila kielelezo, mikia yote miwili. Jirani yule hatukujua yuko wapi. Hata hivyo mama aliendelea kuwaambia watu, "Ndege ni wa fulani." Basi mimi nauliza: kama mama asingalinakili, ndege wale wangekuwa wapi leo?

Huko huko Kakuma ndiko nilikouona mchezo wa Mario kwa mara ya kwanza. Palikuwa na kibanda cha kuchaji simu, na ndani yake televisheni kuukuu na mashine ya bei ndogo iliyojaa michezo mingi. Ulilipa shilingi tano ukacheza kidogo. Mashine ile haikuwa na jina la mtu wala kampuni iliyotunga michezo yake. Lililokuwa juu yake ni jina la uongo la aliyeiiga. Kwa miaka nilidhani michezo ile imetoka hewani tu, haina baba wala mama. Nilipokuja kusoma habari za Miyamoto, nilishtuka na kuona haya, kama mtu aliyekula chakula cha nyumba miaka mingi bila kujua jina la mpishi.

Hapo ndipo ulipo mpaka, kwa maoni yangu. Kunakili kwa mapenzi ni kujifunza, na kwa njia hiyo ufundi wote umepita kutoka mkono hadi mkono, wa milaya na wa shanga pia. Kufuta jina la mwenye kazi ndiko kuiba. Nasi, lazima nikiri, tulikosea siku ya wazazi. Katika picha zetu kumi na mbili hatukuandika jina la mtunzi hata mmoja. Tuliandika majina yetu tu, kwa herufi kubwa. Kama tungaliandika chini ya kila picha nani aliutunga mchezo na mwaka gani, mzee yule angaliona kwamba ameletewa historia, wala si upuuzi.

Yako makosa mengine. Mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba daftari za miraba zinaisha kabla ya muhula kwisha, naye alisema kweli. Mimi mwenyewe nilimaliza kurasa nane za jometri kwa majitu. Daftari hununuliwa kwa jasho la wazazi. Tena baadhi ya wenzangu wadogo huchora bunduki tu, na katika mji huu kuna bunduki za kutosha bila kuziongeza ukutani. Siyakani hayo. Lakini dawa ya jipu si kuukata mguu.

Kwa wasioamini kwamba njia hii yaweza kufika mbali, nawakumbusha habari ya Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini. Alizaliwa wazazi wake wakiwa safarini wakikimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini ya Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na kijana akawa anatembea masaa mengi kwenda kuichaji. Alianza kwa kucheza michezo ya wengine, akajifundisha mwenyewe namna ya kuitengeneza, kisha akatunga wa kwake uitwao Salaam, ambao mchezaji wake ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na usalama. Mwaka 2018 aliheshimiwa kwa kazi hiyo katika sherehe ya The Game Awards huko Marekani. Hakuanza na Salaam. Alianza na kupenda kazi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo natoa shauri kwa kamati, kwa heshima zote. Picha za miraba zisikatazwe, ila ziwekewe sharti tatu. Kwanza, chini ya kila picha iliyonakiliwa liandikwe jina la mchezo, mtunzi wake na mwaka. Pili, anayeleta picha moja ya kigeni alete na moja ya kwetu, kwa miraba ile ile: Jebel Kujur, ng'ombe wa pembe ndefu, mama auzaye chai, Daraja la Uhuru juu ya Nile. Tatu, karatasi zinunuliwe kwa fedha za chama, na daftari za hesabu ziachiwe hesabu.

Mimi nimekwisha kuanza. Nimemchora ndege wa milaya katika miraba 32 kwa 32, nikampelekea mama. Aliitazama karatasi, akahesabu miraba ya mkia kwa kidole, akasema, "Umepunguza. Mkia wangu haukuwa hivi." Nikaongeza mitatu. Kisha akaniambia niandike chini yake majina mawili, la jirani kwa ndege na lake kwa mkia, na langu niliweke mwisho, dogo. Ndivyo nilivyofanya.

Picha hiyo nitaitundika siku ya wazazi ijayo, ubavuni mwa Mario, kamati ikiniruhusu. Na yule mzee akija, nitamwendea mwenyewe nimwambie, "Baba, swali lako lilitufaa. Vitu vyetu tunavyo, na hawa wageni ndio waliotuonyesha namna ya kuvichora kwa miraba." Waswahili husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone.