Ukimwita Ndege, Ujue Unamwita Yupi

Sisi watu wa mwambao twapenda ndege. Mtu akipepeta mchele asubuhi, chenga huzitupa uani. Akila akasaza, hukung'uta sinia yake papo hapo, akasema na ndege nao wapate riziki yao. Jambo hilo ni jema, na dini yetu imelisifu. Tumefundishwa kwamba mwenye kupanda mti au nafaka, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Lakini tazama uani kwako leo, msomaji. Yu wapi tetere? Yu wapi shore, yu wapi chozi? Aliyejaa ni kunguru.

Haya yalinijia nilipokuwa mgeni huko Nyamira, katika nchi ya Wagusii, wakati wa mavuno ya ulezi, ambao bara huitwa wimbi. Huko ugali wa wimbi ni chakula cha heshima. Nafaka ikianza kuiva, watoto huamia ndege tangu alfajiri kwa makelele, mawe na mikebe. Lakini siku ya kupepeta, mama mwenye nyumba aliyamwaga makapi pembeni mwa ua yakiwa na punje zake chache, na mara chiriku na mnana wakashuka. Nikamwuliza, "Mama, jana mliwafukuza, leo mwawalisha?" Akacheka, akanijibu, "Shambani ni mwizi, nyumbani ni mgeni."

Nikazidi kuangalia. Kisii na Nyamira watu wamesongamana. Kwa hesabu ya mwaka 2019, Kisii peke yake ina zaidi ya watu 950 katika kila kilomita moja ya mraba. Penye shamba dogo hakitupwi kitu. Maganda ya ndizi ni ya ng'ombe, ugali uliolala ni wa kuku, na takataka nyingine huenda chini ya migomba zikawa mbolea. Mwewe akionekana juu, watoto hupiga ukelele na kuku hujificha. Kwa hivyo ndege wa punje hupata punje zake, na ndege mla uchafu hana cha kumkalisha. Siku zote nilizokaa, sikumwona hata mmoja wa hawa kunguru wetu.

Kwetu je? Kunguru huyu asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka za mji, na kufika miaka ya 1940 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Taka hakuzimaliza, bali alizaana kwazo. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na vifaranga vya kuku pia. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha, kwa sumu iitwayo Starlicide.

Mimi sina ugomvi na mpango huo. Kunguru ni mmoja wa viumbe watano walioruhusiwa kuuawa hata katika Haram. Neno langu ni kwamba sumu peke yake haitoshi. Kumwua kunguru hali majaa yako wazi na matumbo ya samaki yametapakaa sokoni, ni kumfukuza mgeni huku sinia bado iko mkekani. Akiondoka huyu, atakuja mwenziwe.

Basi tuanze majumbani. Ukitaka kuwalisha ndege, wape nafaka kavu, kidogo, wakati wa asubuhi, na kinachobaki kizoe. Wali wenye mchuzi, nyama na samaki usivitupe uani kabisa. Vifukie au uvitie katika pipa lenye kifuniko. Weka maji safi katika chombo kipana kisicho na kina. Panda mhina, mkomamanga au kichaka chochote kilichosongamana, ambamo ndege mdogo ataingia na kunguru asiweze.

Na ndugu zetu wa Kisii, Nyamira na Keroka, ambao miji yao inakua kila siku, nao wajihadhari. Desturi ya kutotupa kitu ovyo wasiiache shambani wanapohamia mjini. Sisi tuliiacha, na kunguru ndiye aliyetujia.