Gari Kuukuu Halina Hatia

Miongoni mwa mashtaka ya bure yasikiwayo kila siku hapa Kinna, moja ni hili: kwamba gari likipata umri hupata na kiu, na kwamba kiu hiyo haina dawa ila kuliuza. Nalikanusha shtaka hili. Gari kuukuu halina hatia. Wenye hatia ni mikono ilitengenezayo na mguu uliendeshao.

Msomaji, usidhani jambo hili ni dogo. Tangu mwaka 2013, kiwanda cha Mombasa kilipoacha kusafisha mafuta, petroli yetu huja kwa meli ikiwa imekwisha kusafishwa ng'ambo. Kila tarehe 14 ya mwezi Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli hutangaza bei. Na bei ipandapo, nauli ya mgonjwa apelekwaye hospitali hupanda pamoja nayo, na unga na sukari vile vile. Lita iteketeayo bure hulipwa na watu wasiomiliki hata gurudumu.

Zamani petroli iliingia katika injini kwa kabureta, chombo kilichotii mvuto wa hewa tu. Mwaka 1967 Volkswagen 1600 ilitiwa mtambo wa Bosch uendeshwao kwa umeme, na leo karibu kila gari la petroli tulionalo barabarani, hata lililochakaa, lina kompyuta ndogo ipimayo hewa, joto na mwendo, kisha ikaziamuru nozeli zinyunyize mafuta kwa kiasi. Gari limebadilika, mazoea yetu hayakubadilika. Hapo ndipo ilipo hasara.

Itazame njia ishukayo kutoka Maua, katika vilima vya Nyambene, kuja kwetu bondeni. Madereva wengi wafikapo mteremkoni hutoa gia, wakaliacha gari liserereke, huku wakijisifu kuwa wameokoa mafuta. Wanajidanganya. Gari la nozeli likishuka likiwa ndani ya gia, na mguu umeondolewa kwenye mafuta, kompyuta huzifunga nozeli. Magurudumu ndiyo yaizungushayo injini, wala petroli haitumiki. Likitolewa gia, injini haina tena kiizungushacho, basi nozeli hazina budi kuinyunyizia petroli isizime. Dereva huyo ameongeza matumizi kwa bidii yake mwenyewe! Tena amejinyima nguvu ya injini ya kulizuia gari, akazitwika breki mzigo wote. Breki zikipata moto kupita kiasi huacha kushika, na huko chini kuna kona, mbuzi, na watoto watokao shuleni.

Labda utanijibu kwamba gari lisilo katika gia huteleza mbali zaidi. Ni kweli katika mteremko mdogo. Lakini katika mteremko mkali utalazimika kushika breki tu. Na katika ule mdogo, kijiko cha petroli hakilingani na roho ya mtu.

Kosa la pili huzaliwa gereji, na hili nalikiri mwenyewe. Niliponunua gari langu, lililokwisha kutumiwa miaka mingi, fundi mmoja aliniambia, "Mwalimu, hii themostati ni ya nchi za baridi. Kinna ni joto; tuitoe." Nilikubali kwa ujinga. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, kisha hufunguka yenyewe. Ikitolewa, maji hupoa mno gari liendapo. Kompyuta hudhani ni alfajiri siku nzima, ikazidisha petroli kama iamshayo injini iliyolala. Na injini ichemkayo kwa kweli haiponi kwa kuondolewa themostati nzima, maana wakati huo imekwisha kufunguka. Dawa yake ni kuziba rejeta ivujayo na kuifufua feni iliyokufa.

Niliirudisha themostati, nikabadili plagi, nikarekebisha breki iliyokuwa ikikwaruza gurudumu moja, nikajaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni, nikaishusha keria tupu iliyokuwa ikishindana na upepo. Gari lililokuwa likienda kilomita 10 kwa lita likaenda 12. Safari ya kilomita 120 iliyokula lita 12 sasa hula 10. Umri wake haukupungua hata siku moja.

Usiniamini kwa kuwa mimi ni mwalimu, pima. Jaza tangi, andika kilomita, tembea siku zako, jaza tena, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi, lakini hunyamazisha ubishi wa barazani.

Mfugaji wa Kinna hamlaumu ng'ombe kwa uzee kabla ya kumtazama kupe. Humpapasa masikio, humtazama kwato, humchunguza malisho, ndipo atoe hukumu. Kwa nini basi gari tulihukumu bila kulichunguza? Wewe uliye shuleni leo ndiwe dereva, fundi na abiria wa kesho. Fizikia uisomayo haikutungwa kwa ajili ya mtihani peke yake. Siku utakayoketi nyuma ya usukani, na mzee aliye kando yako akakuambia utoe gia mteremkoni, mjibu kwa heshima, umweleze sababu, wala usiitoe.