Tusiivue nyumba miaka yake

Mwaka 1896 shirika changa la hifadhi nchini Uingereza, National Trust, lilinunua jengo lake la kwanza kwa pauni 10. Ilikuwa nyumba ya kasisi kijijini Alfriston, Sussex, yenye fremu ya mwaloni na umri wa karne kadhaa, nayo ilikuwa karibu gofu. Leo bado imesimama. Toleo hili linahusu majengo ya mbao, na tumeanza na nyumba hiyo kwa sababu walioiokoa walikubali ibaki nzee.

Fundi wa Zama za Kati hakungoja mti ukauke. Mwaloni mbichi unatii tezo na patasi. Ukishakauka ni kazi nyingine. Alichonga fremu nzima uwanjani kwake, ulimi wa boriti hii uingie tundu la nguzo ile, akatia kila kiungo alama, mara nyingi kwa tarakimu za Kirumi, kisha akaifungua na kuipeleka kwenye kiwanja. Huko ilisimamishwa na kushikwa kwa vigingi vya mti. Matundu ya vigingi yalitobolewa makusudi yapishane kidogo, ili kigingi kinapopigwa kivute kiungo kikaze. Mbao zilipokauka zilipinda na nyumba ikapinda nazo, na ndiyo maana jengo linaloonekana kama limelewa huweza kuwa imara kabisa. Katikati ya nguzo ziliwekwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi na samadi. Msomaji aliyekulia nyumba ya udongo hahitaji kuelezwa zaidi.

Ukumbi haukuwa na bomba la moshi. Moto uliwashwa sakafuni, moshi ukapanda hadi paani, na masizi yake yangali kwenye mapau ya nyumba nyingi. Anayeyasugua ili mbao zing'ae anafuta ushahidi: masizi ndiyo yanayomwambia mtafiti ni pau lipi lilikuwapo enzi za moto wa wazi, na lipi lilikuja baadaye.

Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji, na saruji ni mshirika wake. Udongo na chokaa hupitisha unyevu ukaingia na kutoka. Ukuta ukipigwa plasta ya saruji, maji yanayopenya kwenye nyufa hukosa njia ya kutokea, na miguu ya nguzo huoza kimyakimya nyuma ya ukuta unaopendeza. Dawa yake ni ya seremala: kata sehemu iliyooza tu, unga mwaloni mpya hapo, na usiupake rangi ya kuuficha.

William Morris na wenzake, walioanzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877, walishikilia msimamo huo: rekebisha, usirudishe jengo kwenye enzi unayoiwazia. Ndio mwongozo uliofuatwa Alfriston. Nakiri kwamba kanuni hiyo ina mahali inapobanwa. Nyumba ya Bayleaf huko Kent, ya karne ya 15, ingepotea kwa sababu ya bwawa la Bough Beech. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilifunguliwa kiungo kwa kiungo, kisha ikasimamishwa upya katika makumbusho ya Weald and Downland, Singleton. Mbao zilizoungwa kwa vigingi huruhusu jambo hilo. Lakini wakati wa kuisimamisha hawakulirudisha bomba la moshi lililojengwa karne za baadaye, bali waliipa nyumba sura ya karibu mwaka 1540. Ni jengo zuri, linafundisha kuliko vitabu vingi, na bado naona hasara: familia zilizoota moto kwenye bomba lile nazo zilikuwa wenyeji wa nyumba.

Kwa hiyo kipimo chetu katika toleo hili ni kimoja. Hatuulizi kama jengo limerudi kuwa jipya. Tunauliza ni mbao ngapi za kale zimebaki mahali pake, na kama fundi wa kesho ataweza kutofautisha kazi yetu na ya waliotutangulia.

Na wewe mwenye nyumba ya mawe na chokaa, Mkunazini au Lamu: saruji haichagui kati ya mwaloni wa Sussex na boriti yako ya mkoko. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza, mtafute fundi wa chokaa.