Behewa la Simba wa Kima

Wewe uliyelelewa Kisumu Ndogo pale Kibera, umeivuka reli mara ngapi bila kujiuliza ilikotoka? Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899, na mwishoni mwa 1901 ukafika Kisumu yenyewe.

Hebu leo ifuate hadi mjini, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa 1971. Humo mna behewa kuukuu la mbao. Juni 1900 lilisimama Kima, Ukambani, likiwa na Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, na wenzake wawili, Parenti na Huebner. Walikuwa wakimvizia simba mla watu. Zamu ya Ryall ikafika, usingizi ukamwiba. Simba akaingia, behewa likainama kwa uzito wake, mlango ukajifunga! Huebner, aliyelala kitanda cha juu, aliporuka alitua mgongoni mwa simba. Naye mnyama akatoka na Ryall dirishani.

Sasa, kukarabati behewa kama hilo si mchezo. Chuma hukwanguliwa kutu kikapakwa rangi. Mbao huliwa na mchwa, huoza pale maji ya mvua yanapotuama, na fundi akibadilisha kila ubao, je, ni behewa lile lile? Mimi naona heri kiraka kionekane kuliko upya wa bandia.

Jumapili moja wapelekeni watoto. Wasimamisheni chini ya madirisha hayo, muwaulize simba alipitaje na mzigo wake.