Likizo ya Utulivu: Tulichokivua Mlimani



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi wapendwa, likizo ya Agosti mwaka jana tuliwachukua wanafunzi sita wa darasa la juu, pamoja na baadhi ya baba zao, tukatoka Mombasa hadi Nyeri kuvua samaki kwa siku mbili. Tuliporudi wengi walituuliza: "Ustadh, bahari tunayo hapa, mwaenda kuvua mlimani? Na wakati huo si mngewasomesha?" Swali hili ni la haki, nasi tumeona tulijibu katika kurasa hizi.

Mto tuliovua ni Gura, unaoteremka kutoka milima ya Aberdare. Samaki wake ni trauti, naye si mwenyeji wa nchi hii. Aliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 akatiwa katika mto huo, kwa kuwa hupenda maji ya baridi yaendayo mbio. Ni samaki mwoga mno. Akiona kivuli cha mtu au akihisi kishindo cha mguu, hujificha chini ya jiwe wala hatoki. Basi watoto ambao darasani twawanyamazisha kwa kugonga meza, huko walinyamazishwa na samaki.

Na raha ilikuwa hapo. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya majani ya chai. Maji ya udhu yaliwatetemesha watoto mpaka wakacheka. Kisha kila mmoja akakaa na ufito wake, hakuna redio, na simu za wazazi hazikupata mtandao. Unasikia maji tu na ndege. Ukikaa hivyo saa moja, moyo hupoa, na ulimi hurudia dhikri wenyewe bila kuamrishwa. Adhuhuri tuliswali juu ya nyasi, tukawachoma samaki wanne tuliojaaliwa, tukala kumi na mmoja sisi na wenyeji wetu. Hatukushiba, lakini hakuna aliyenung'unika.

Sasa tuseme lililotufanya tushike kalamu. Miongoni mwa wanafunzi hao yuko mmoja ambaye husinzia darasani. Tumemsimamisha ukutani mara nyingi, na tumempa jina la mvivu mbele ya wenzake. Siku ya pili alikaa karibu nasi mtoni, na baada ya kimya kirefu akasema, pasi na kuulizwa, kwamba amefurahi kulala mpaka Alfajiri. Nyumbani huamka saa tisa za usiku kumsaidia mama yake kukanda na kukaanga mahamri ya kuuza. Miaka mitatu tumemfundisha, na hatukuwahi kumuuliza. Tulimwomba radhi pale pale. Ametupa ruhusa tuyaandike haya, ili mwalimu mwingine na mzazi mwingine wazingatie.

Je, tungelijua hilo darasani? Hatudhani. Darasani sisi husema na yeye husikiliza. Mtoto hasemi la moyoni anapoharakishwa. Husema pale anapoona mkubwa wake hana haraka. Hii ndiyo faida ya safari ile, na kwa maoni yetu haikupungua thamani kwa kuwa hapakuwa na ubao wala chaki. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa mwili una haki juu yetu, na watu wa nyumbani wana haki juu yetu. Mapumziko yenye adabu ni katika kutekeleza haki hizo.

Lakini yapo masharti. Kwanza, mvuvi avue kwa ajili ya kula. Mawindo ya majini ni halali kwetu, wala samaki hahitaji kuchinjwa, ila kumtesa kiumbe kwa mchezo tumekatazwa. Wale wadogo walionasa tuliwarudisha majini upesi, na hatukumwachia mtoto yeyote kuwachezea. Pili, tuchukue kibali na tusiache taka. Maji ya Gura huingia mto Tana, na Tana humwaga baharini karibu na Kipini, pwani yetu sisi. Anayechafua juu huwachafulia ndugu zake wa chini. Tatu, simu zikae mfukoni hata pale zinapopata mtandao.

Twajua si kila mzazi ana nauli ya Nyeri, wala hatuwaambii mkope. Mwenye mshipi, ndoana na kipande cha chambo anaweza kukaa na mwanawe ukingoni mwa bahari ya Tudor au Mtwapa asubuhi moja ya Jumapili. Asimpe mawaidha wala asimuulize alama za mtihani. Akae naye tu, angoje. Subira huvuta heri, na huenda heri yenyewe ikawa neno moja ambalo mtoto amelibeba siku nyingi akitafuta wa kumwambia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wasikivu kwa watoto wetu kabla ya kuwa wepesi wa kuwahukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.