Taka za Shule Zisiwe Adhabu ya Mtoto

Apitaye jirani na shule zetu nyingi za Mbeya na Iringa asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijagongwa, huuona moshi. Watoto wamekwisha kufagia uwanja. Majani makavu, karatasi za madaftari, maganda ya miwa na vifuko vya ubuyu vimerundikwa shimoni na kutiwa moto. Baridi ya nyanda za juu huushikilia moshi huo chini, nao huingia madarasani pamoja na wanafunzi.

Tumeuzoea moshi huo hata tukauhesabu kuwa ni usafi. Leo tunapenda kuuliza: kinachoungua mle ni nini?

Sehemu kubwa ni mali. Majani, maganda na mabaki ya makande ndiyo malighafi ya mboji. Mnamo Agosti 8, 2022, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea, kwa kuwa bei ilikuwa imewalemea wakulima. Basi ni ajabu shule yenye shamba la mahindi kuchoma mbolea asubuhi, na jioni kuwaomba wazazi mchango wa kununua nyingine.

Kazi yenyewe si ngumu. Hupangwa tabaka la majani makavu, kisha la majani mabichi na mabaki ya jikoni, kisha samadi na udongo kidogo. Hunyunyiziwa maji ya kulowesha, si ya kufurikisha, na rundo hugeuzwa kila baada ya wiki 2 au 3. Kwa baridi yetu huenda likahitaji miezi 3 au zaidi. Majani ya mikaratusi yawe machache, kwani huchelewa kuoza. Nyama na mafuta visitiwe kabisa, maana hivyo ndivyo viitavyo panya, na panya ndiye huwafanya walimu walichukie rundo.

Plastiki ni jambo jingine. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini vifungashio vidogo vingali vipo. Havifai kuchomwa, wala haviozi. Kinachotupwa mtaroni Iringa huweza kufikishwa na mvua kwenye Ruaha Mdogo, nao humwaga maji yake Ruaha Mkuu, uendao bwawa la Mtera litupatialo umeme. Chupa zitengwe, wapo wanaozinunua. Kilichosalia kikabidhiwe halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezibebesha serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu, lakini gari la taka haliwezi kutenganisha kile ambacho darasa limekwisha kukichanganya.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa tunakiona kwingine. Katika shule zetu, anayechelewa ndiye anayetumwa kuokota taka. Anayepiga kelele ndiye anayechimba shimo. Mtoto hujifunza kwamba usafi ni fedheha, na akikua hutupa ganda dirishani mwa basi ili kujionesha kuwa yu huru. Huyo huyo tumemfundisha madrasani kwamba israfu haifai hata katika maji ya udhu. Mafunzo mawili hayo hayawezi kukaa katika moyo mmoja.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za shule, na wazazi wanaoketi humo: rundo la mboji lisiwe adhabu. Lipewe kila darasa kwa zamu, kama amana, na mavuno ya bustani yake yaende kwenye sufuria ya watoto hao hao. Nasi nyumbani na madrasani tuanze bila kungoja waraka. Mtoto akionja mchicha alioulisha kwa maganda yake mwenyewe, hatahitaji kuchapwa ili aokote taka.