Bahasha ya Mheshimiwa Isipite Altareni

Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alirudisha fedha za Rais William Ruto: shilingi milioni 2 za nyumba ya padre katika kanisa la Soweto jijini humo, nyingine 600,000, pamoja na ahadi ya milioni 3 zaidi. Mpaka leo wapo Wakatoliki wanaonung'unika kana kwamba wao ndio walionyang'anywa. Anyolo alifanya sawasawa. Linaloudhi ni kwamba uamuzi wake umeachwa uonekane jambo la Nairobi, ilhali panapouhitaji zaidi ni huku Busia, katika parokia za Jimbo la Bungoma upande wa Kenya na za Jimbo Kuu la Tororo ng'ambo ya pili, Uganda.

Wanaopinga husema parokia zetu ni maskini na mapaa yanavuja. Ni kweli. Husema pia mwanasiasa naye ni muumini, kwa nini azuiwe kutoa? Hakuna aliyemzuia. Apange foleni, atie sadaka kapuni, arudi kitini bila kipaza sauti.

Busia ni mji wa forodha. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Februari 2018, mchuuzi mdogo hana sababu ya kujificha: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, za thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa cheti chepesi bila ushuru wa forodha. Mama mwenye trei za mayai kutoka Uganda ana haki ya kupita. Hata hivyo anaombwa kitu kidogo. Akikataa, mzigo unaachwa juani. Mayai hayavumilii jua, na anayemwomba analijua hilo vizuri. Akichoka anashika njia ya panya, na huko nako anatoa. Jioni, aliyetoa na aliyepokea wanaweza kukaa jumuiya moja, benchi moja, wakisali rozari.

Nani wa kuwaambia kwamba ile ni dhambi? Padre. Sasa padre aliyesimama Jumapili iliyopita kando ya mheshimiwa, noti zikihesabiwa mbele ya altare na waumini wakipiga vigelegele, bila yeye kuuliza zimetoka wapi, atamwambia nini karani wa mpakani? Karani atasikiliza mahubiri huku akijua kwamba aliyehubiri naye hupokea, tena kwa kipaza sauti. Mama wa mayai naye atajua kwamba hana wa kumsemea. Hasara hiyo hailipwi na mabati ya paa lolote.

Kisha tunaambiwa Yesu alikula na watoza ushuru. Someni basi Luka 19 mpaka mwisho! Zakayo alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Hakuwakabidhi mitume bahasha ili wamshangilie. Mathayo aliitwa akiwa forodhani, akainuka akaiacha kazi hiyo. Anayemtetea mheshimiwa kwa Injili aanze kwa kumuuliza amemrudishia nani.

Ng'ambo, desturi ya Rais Museveni kuwazawadia maaskofu wapya magari imezoeleka hata haiulizwi. Nchini Kenya nako, Machi 2025, Ruto aliahidi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner huko Roysambu. Madhehebu mengine yana hiari yao. Sisi maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliamua tangu miaka ya 1970 kwamba Kanisa lisimame juu ya jumuiya ndogo ndogo, yaani juu ya watu wanaojitegemea. Nyumba ya padre iliyojengwa na jumuiya kwa miaka mitano ina wenyewe. Iliyojengwa na mgombea kwa mwezi mmoja ina mwenyewe pia, naye atakuja kudai kura.

Kabla ya kampeni za uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2027, maaskofu wa Bungoma na Tororo watoe waraka mmoja, usomwe Jumapili moja pande zote mbili, kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso. Mwanasiasa asipewe kipaza sauti ndani ya kanisa, na paroko atakayepokea bahasha airudishe hadharani, mbele ya waumini walewale walioiona ikiingia.